Hanadeni: kisa cha jina lililosomwa kama maelezo ya karani

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, katika msimu mmoja wa korosho. Kijiji, chama cha msingi (ushirika wa wakulima unaokusanya korosho na kuzipeleka mnadani), benki na wahusika hawatajwi. Jina la mama mwenyewe limebadilishwa, ila lililowekwa mahali pake ni la aina ileile: sentensi ya kukanusha iliyofungwa ikawa neno moja. Bila umbo hilo kisa hakieleweki. Kimeandikwa kwa ajili ya makarani wa mizani, watendaji wa vijiji, walimu wanaoandikisha watoto, na kila mwenye jina ambalo watu hulicheka kabla ya kuliandika.

Mama na majina yake

Mhusika ni mkulima mwenye umri wa miaka 50 na ushee, mwenye mikorosho aliyoirithi upande wa mama. Kabla yake walizaliwa watoto watatu, wote wakafa wachanga. Yeye alipofikisha siku 40 akiwa hai, bibi yake alisema kwamba mama wa mtoto ameshalipa vya kutosha, sasa hana deni. Jina likakaa hapo hapo: Hanadeni. Baba yake ni Mfaume, babu yake Salumu.

Huku Kusini majina ya namna hii ni ya kawaida. Kuna Sikujua, kuna Sikudhani (ambalo wengi huliandika Sikuzani), kuna Siwema, Sijaona, Tabu, Shida na Mashaka. Kila moja lina habari ndani yake: mimba iliyokuja bila kutegemewa, ndoa iliyokuwa na maneno, mwaka wa njaa, mtoto aliyetanguliwa na makaburi. Mgeni husikia kichekesho, mwenyeji husikia kilichoipata nyumba ile.

Alipotoka unyagoni alipewa jina la pili, Somoe. Kumpa mwali au kijana wa jando jina jipya ni desturi ya Wamakonde na majirani zao, na baada ya hapo kumwita mtu kwa jina la utotoni mbele za watu huweza kuonekana ni kumvunjia heshima. Kisha akazaa, na mtoto wake Tatu akampa jina la tatu: Mama Tatu. Hilo ndilo linalojulikana kijijini. Wapo majirani wa miaka mingi wasiojua jina lake jingine.

Siku kisa kinaanza, karatasi zake zilisomeka hivi:

- Kitambulisho cha taifa, laini ya simu na akaunti ya benki: Hanadeni Mfaume Salumu
- Kadi ya mpigakura ya zamani: Somoe Mfaume
- Karatasi ya kijiji ya shamba la urithi: Somoe Mfaume
- Daftari la zamani la chama cha msingi: Mama Tatu

Ukoo wake una jambo moja zaidi la kushika. Kaka yake anaitwa Salumu Mfaume, amechukua jina la babu. Mtoto wa huyo kaka anaitwa Mfaume Salumu, naye amechukua jina la babu yake. Majina yanazunguka kizazi hadi kizazi, na ndiyo maana mtu akifuta neno la kwanza kwenye jina la shangazi, yanayobaki ni majina kamili ya mtoto wa kaka yake. Kijana huyo naye ni mkulima wa korosho, na anauza kwenye chama hichohicho.

Ilivyotokea

Wiki ya pili ya Oktoba mama alipeleka ghalani kilo 172. Foleni ilikuwa ndefu, karani alikuwa kijana mgeni kijijini.

“Jina?”

“Hanadeni.”

“Sijakuuliza deni, mama. Nimekuuliza jina.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama akavuta khanga kichwani, akasema kwa sauti ya chini, “Andika Mama Tatu, mwanangu.” Karani akaandika Mama Tatu. Safu ya namba ya mkulima aliiacha wazi kwa kuwa kadi haikuletwa, na safu ya akaunti akaiacha wazi pia.

Siku 9 baadaye alirudi na kilo 190. Mzanini alikuwepo karani mwingine, mtu mzima, mpole, ambaye hakucheka. Mama akataja jina lake, la baba na la babu, na kutoa namba ya akaunti. Karani akaandika kwa kalamu: “Hana deni Mfaume Salumu”. Aliacha nafasi katikati ya Hana na deni, kama mkono wa mtu yeyote anayejua Kiswahili unavyozoea kuandika maneno hayo.

Jioni orodha ikaingizwa kwenye kompyuta na mtu wa tatu. Msimu ule wanachama kadhaa walikuwa wanadaiwa na chama, na makarani walikuwa wanaandika pembeni ya jina “anadaiwa” au “hana deni” ili makato yafanywe sawasawa. Mwingizaji alipofika kwenye mstari ule alifanya kilichoonekana sahihi kabisa: “hana deni” akaipeleka safu ya maelezo, na kwenye safu ya jina akaweka Mfaume Salumu.

Mnada ukapita, fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima. Za mama hazikuingia. Mstari wa kilo 172 haukuwa na akaunti, kwa hiyo haukwenda popote. Mstari wa kilo 190 ulikwenda benki ukarudi, maana akaunti ni ya Hanadeni na jina lililotumwa ni Mfaume. Benki ilifanya kazi yake vizuri hapo. Laiti isingelinganisha jina na akaunti, kosa hili lingezikwa na lingejirudia msimu uliofuata kwa mkulima mwingine.

Madhara yakasambaa upande usiotarajiwa. Kwenye vitabu vya chama, yule kijana Mfaume Salumu alionekana ana mistari miwili: kilo 310 zake halisi, na nyingine 190. Akaitwa ajieleze. Habari ikafika kwenye kibaraza cha kahawa kabla yeye hajafika nyumbani, na kufikia magharibi ilikuwa imegeuka kuwa kijana anataka kula korosho za shangazi yake. Kwa siku 6 nyumba mbili za ukoo mmoja hazikusalimiana.

Mama alikuwa na mgonjwa nyumbani. Hakuweza kusubiri. Akauza kilo 40 kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa mlango wa nyuma anayepima kwa chombo chake na kulipa bei yake. Hasara hiyo haikurudi.

Ushauri aliopewa, na uamuzi

Ushauri ulikuja kutoka pande tatu.

Wa kwanza ulitoka chamani: aende kwa wakili aape kwamba Hanadeni Mfaume Salumu anajulikana pia kama Mfaume Salumu, orodha ibaki ilivyo. Ulionekana mwepesi kwa sababu ulimwondolea kila mtu kazi isipokuwa mama. Ulikataliwa kwa sababu mbili. Kiapo ni maelezo ya ukweli, na yeye hajawahi kuitwa Mfaume hata siku moja. Kuapa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mwapaji mwenyewe ndiye angebeba hatari hiyo. Pili, kiapo kama hicho kingemfanya awe na jina la mtu aliye hai, jirani, mkulima wa chama kilekile. Kosa la msimu mmoja lingegeuka mgogoro wa kudumu.

Wa pili ulitoka kwa watoto wake wanaoishi mjini: aachane na Hanadeni, ajiite Somoe kisheria, kicheko kiishe. Njia hiyo ipo. Huitwa hati ya kubadili jina, husainiwa mbele ya wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi. Lakini hati hiyo humwachisha mtu jina la zamani kuanzia siku ile na kuendelea. Haisahihishi orodha iliyokwisha kuandikwa, na baada yake angelazimika kubadili kitambulisho, laini ya simu na akaunti, vitu vitatu ambavyo havikuwa na kosa. Mama mwenyewe alikataa kwa sababu yake: jina lile ndilo lililomfanya aishi.

Wa tatu, uliofuatwa, ulitoka kwa mtendaji wa kijiji. Alianza na swali ambalo wengine hawakuliuliza: katika karatasi hizi zote, ni ipi iliyochukua alama za vidole? Kitambulisho cha taifa kilichukua, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019 laini ya simu hufuata jina hilohilo. Basi Hanadeni Mfaume Salumu ndiyo nguzo, na karatasi iliyotofautiana nayo ndiyo inayorekebishwa.

Hatua zilizochukuliwa

Kwanza zilitafutwa stakabadhi alizopewa mzanini. Mama alikuwa nazo zote mbili, zimekunjwa ndani ya mkebe wa chai. Zilikuwa na tarehe, kilo, daraja na namba ya stakabadhi. Namba hizo zilikuwa na nguvu kuliko jina, kwa sababu jina linaweza kuandikwa vibaya mara kumi ila namba ya stakabadhi haina mwenzake katika kitabu kile. Bila mkebe ule, kisa hiki kingekuwa kirefu zaidi.

Pili, mtendaji aliandika barua ya utambulisho ya ukurasa mmoja. Alitaja majina yote matatu, akaeleza kila moja limetoka wapi (la kuzaliwa, la unyagoni, la uzazi), akaandika namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20, akagonga muhuri. Tarakimu 8 za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Hilo lilisaidia papo hapo, maana kijana Mfaume ana namba inayoanza na mwaka mwingine kabisa, na hoja ya kwamba huenda ni mtu mmoja ikafa pale mezani.

Tatu, kilifanywa kiapo kuhusu majina ambayo kweli ni yake. Kiliandikwa hivi kwa ufupi: mimi HANADENI MFAUME SALUMU, kwa jina la unyagoni SOMOE MFAUME, niitwaye pia MAMA TATU, naapa kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwamba kitambulisho changu namba fulani kinasomeka hivi, kadi yangu ya mpigakura inasomeka vile, karatasi ya shamba vile, na stakabadhi namba fulani na fulani vile, kwamba jina nitakalotumia katika nyaraka zote kuanzia leo ni HANADENI MFAUME SALUMU. Neno HANADENI liliandikwa kwa herufi kubwa bila nafasi katikati kila lilipotokea. Kwa kuwa mama hasomi, kamishna wa viapo alimsomea maneno yote, akathibitisha kwa maandishi kwamba amesomewa na ameelewa, ndipo akaweka dole gumba. Kipengele hicho cha kusomewa kikisahaulika, kiapo cha asiyesoma hupingwa kirahisi.

Nne, katibu meneja wa chama aliandika barua benki kusahihisha mistari miwili, akaitaja kwa namba za stakabadhi, si kwa majina. Zikaambatanishwa nakala za stakabadhi, kitambulisho na kiapo. Mstari wa 190 ukaondolewa kwenye hesabu ya kijana siku hiyohiyo, na karatasi iliyosahihishwa ikabandikwa ubaoni ghalani ili kila aliyesema aone.

Matokeo

Malipo ya kilo zote 362 yaliingia siku 23 baada ya wenzake kulipwa. Mzigo wake wa tatu, kilo 124, ulikuwa wa daraja la pili kwa sababu mvua ilizikuta korosho chini ya miti, lakini jina liliandikwa sawa na fedha zilikuja pamoja na za wengine. Kijana na shangazi walipatanishwa na wazee wa ukoo.

Uchambuzi

Watu watatu walilishika jina hili na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Wa kwanza alidhani amejibiwa swali jingine. Wa pili alisikia vizuri, mkono ukamponza. Wa tatu alisoma Kiswahili fasaha na kukipanga kwa akili. Ndiyo hatari ya majina ya aina hii: hayaharibiwi na mtu asiyejua lugha, yanaharibiwa na anayeijua vizuri. Karani kutoka nchi nyingine angeandika H-A-N-A-D-E-N-I bila kufikiri, na mama angelipwa.

Kicheko cha foleni kinastahili kuhesabiwa kama sababu ya kosa. Mama alipoona aibu alitoa jina lisilo kwenye karatasi yoyote ya serikali, na mstari wa kwanza ukapotea hapo. Mtu mwenye jina la kuchekwa hujifunza mapema kulificha: shuleni hutaja jingine, hospitali jingine, chamani jingine. Kila anapojikinga na kicheko anajiongezea karatasi isiyolingana na nyingine. Karani akizuia kicheko mzanini, anazuia pia malipo kurudi.

Uamuzi wa kuanzia kwenye alama za vidole ulikuwa sahihi kwa sababu uliipa kazi mwisho. Bila nguzo moja, kila ofisi ingemwambia alinganishe karatasi zake na za ofisi ile, naye angezunguka msimu mzima. Kutumia namba za stakabadhi badala ya majina katika barua ya benki nako kulikuwa na maana kubwa: usisahihishe jina lenye utata kwa kulitaja tena jina lenye utata.

Kilichoshindikana ni mpangilio wa daftari la mzani. Lilikuwa na safu moja ya jina, na maelezo ya deni yaliandikwa popote penye nafasi. Tiba yake haihitaji kompyuta. Jina ligawanywe safu tatu (lake, la baba, la babu). Deni liwe na safu yake na liandikwe kwa alama tu, D au 0, lisiandikwe kwa maneno kamwe. Karani akimaliza mstari, amsomee mkulima kwa sauti kama ulivyoandikwa. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga mdomo wa gunia. Asiyekuja na kadi apimiwe, ila mstari wake uwekewe alama na usiingizwe kwenye orodha ya malipo mpaka namba ya mkulima ijazwe.

Ushauri wa kwanza wa chama ulikuwa kosa kubwa kuliko kosa la jina lenyewe. Kumwambia mkulima aape ili alingane na orodha mbovu ni kumtwisha mzigo usio wake. Hilo lisemwe wazi kwa makatibu wote, kwa sababu ushauri huo hutolewa mara nyingi na hufuatwa na watu wasio na wa kuwauliza.

Majina mengine yenye mtego kama huu

Hanadeni halipo peke yake. Mtu anayeitwa Sina, fomu ikiuliza jina la kati, huonekana amejibu kwamba hana. Hajulikani na Hayupo, yakiwa majina ya watu, huweza kumfanya mwanafunzi aonekane mtoro tangu siku ya kwanza ya kuandikishwa. Tatu na Pili huandikwa kwa tarakimu na mtu mwenye haraka. Jumanne na Alhamisi huhamia safu ya siku. Mwalimu, Chifu na Shehe yakiwa majina ya kuzaliwa hufutwa kama vyeo, na hapo tena jina la baba hupanda juu likawa la mtoto.

Ipo pia mitego isiyochekesha hata kidogo na inayoumiza watu wengi zaidi: Mohamedi na Mohamed, Salumu na Salum, Zainabu na Zainab, Saidi na Said. Pwani tunatamka irabu ya mwisho na tunaiandika. Karani aliyesomea kwingine huikata. Tena r na l hubadilishana kwa msemaji na kwa msikilizaji. Herufi moja inatosha kurudisha malipo.

Kwa mwalimu wa darasa la kwanza, jina la mtoto lichukuliwe kwenye cheti cha kuzaliwa na si kinywani mwa mtoto, maana mtoto hutaja jina analoitwa nyumbani. Na mzazi asajili mtoto ndani ya siku 90, kabla majina ya jando, unyago na mtaani hayajaanza kugombania karatasi.

Kilichobaki

Kadi ya mpigakura bado inasoma Somoe. Itarekebishwa daftari la wapigakura litakapoboreshwa tena. Karatasi ya shamba haikubadilishwa. Wazee wa ukoo walitaka Somoe libaki humo kwa kuwa ndilo jina alilorithia, na kiapo kinalifunga jina hilo na lile la kitambulisho. Kiapo kina nakala tatu zilizothibitishwa: moja iko kwa mtendaji, moja chamani kwenye jalada lake, na moja kaiweka kijana Mfaume, kwa ombi la shangazi mwenyewe. Ile asili imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye mkebe uleule wa chai.